UKAGUZI WA KURASA ZA SERIKALI KATIKA VIVINJARI MBALIMBALI

Maandishi ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wakazi wa Pangani




Tangazo linapobandikwa ubaoni, kila anayefika huiona karatasi ile ile. Tangazo la tovuti halina karatasi moja. Kinachotumwa ni maneno pamoja na maagizo ya kuyapanga, na simu au kompyuta ya msomaji ndiyo inayoyapanga. Maagizo hayo huandikwa kwa lugha iitwayo CSS, na programu inayoyatekeleza ni kivinjari. Wahenga walisema kila chombo kwa wimbile. Vivinjari navyo ni hivyo hivyo.

Na tuchukue mfano wa jedwali la maombi ya mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, lenye safu nne, ya mwisho ikiwa ni tarehe ya kufunga maombi. Katika kompyuta ya ofisini safu zote zinaonekana. Katika simu ndogo ya mkazi wa Mkwaja, safu ya tarehe imekatwa nje ya kioo. Mwananchi huyo atalazimika kusafiri hadi Bweni na kuvuka mto ili aulize jambo lililokwisha kutangazwa, au atapitwa na muda hali tangazo analo mkononi. Hapo ofisi itakuwa imewatangazia baadhi ya watu tu.

Chanzo cha tofauti hizi ni cha zamani. CSS ilipendekezwa na Håkon Wium Lie mwaka 1994, na toleo la kwanza likapitishwa na W3C, shirika linaloweka kanuni za wavuti, tarehe 17 Desemba 1996. Wakati huo Netscape na Internet Explorer zilikuwa katika mashindano makali, na kila moja ilizitekeleza kanuni kwa namna yake. Mfano ulio mashuhuri ni wa kisanduku. Kanuni ilisema kwamba upana unaotajwa ni wa maneno yenyewe. Nafasi ya ndani na mpaka huongezwa juu yake. Kisanduku cha pikseli 300, chenye nafasi ya 20 na mpaka wa 5 kila upande, kilipaswa kuchukua pikseli 350. Internet Explorer 5 ya Windows ilivihesabu vyote ndani ya zile 300, maneno yakabakiwa na 250. Internet Explorer 6 ya mwaka 2001 iliifuata kanuni, kwa sharti kwamba ukurasa uanze na mstari sahihi wa DOCTYPE. Sharti hilo lingali na maana: ukurasa usio na mstari huo husomwa hata leo kwa tabia za kale.

Tofauti zimepungua, lakini hazikuisha. Kanuni iitwayo gap, inayoweka nafasi kati ya vipengele vilivyopangwa kwa mtindo wa flex, ilikubaliwa na Firefox mwaka 2018, na Chrome mwaka 2020, na Safari mwaka 2021. Simu ya iPhone 6, ambayo haipokei mfumo uliozidi iOS 12, haiijui kanuni hiyo. Vitufe vilivyotenganishwa katika kompyuta ya ofisini vitagusana humo. Opera Mini nayo, inayopendwa kwa kuokoa bando, ikiwa katika hali ya kubana sana huupitisha ukurasa kwanza katika mitambo ya kampuni yake, na mapambo mengi huachwa njiani.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kivinjari hakilalamiki. Kikikuta agizo kisilolielewa, hulipita kimya kimya na kuendelea. Nukta mkato moja ikisahauliwa, agizo hilo na linalofuata huweza kupotea yote mawili. Kwa hiyo ukimya wa kivinjari si ushahidi wa usalama.

Mtumishi anayepokea malalamiko kuhusu ukurasa anashauriwa kufuata utaratibu ufuatao:

Kwanza, aufungue ukurasa upya baada ya kufuta nakala ya zamani iliyohifadhiwa na kivinjari, asije akatibu ugonjwa uliokwisha kupona.

Pili, aukague mwili wa ukurasa, yaani HTML, kwa chombo cha ukaguzi cha W3C, ambacho hutolewa bila malipo. Alama isiyofungwa huweza kuvuruga mpangilio hata kama CSS haina kosa. Jedwali lililonakiliwa moja kwa moja kutoka katika waraka wa kompyuta huweza kuja na vipimo vyake vya upana, navyo vyafaa kuondolewa.

Tatu, aikague CSS kwa chombo chake, ambacho hutaja mstari wenye kosa. Aanze na kosa la juu kabisa, kwani moja huweza kuzaa mengi.

Nne, tatizo likibaki, azime nusu ya maagizo na kutazama. Likitoweka, limo katika nusu iliyozimwa. Aigawe tena hadi alifikie.

Tano, aandike kwanza agizo la kawaida linaloeleweka na vivinjari vya zamani, kisha jipya lifuate chini yake. Kivinjari kisicholijua jipya kitabaki na la kwanza.

Sita, arudie kutazama katika vivinjari vyote. Ikumbukwe kwamba Chrome na Edge ya tangu mwaka 2020 hutumia injini moja. Kuzijaribu zote mbili ni karibu na kujaribu mara moja. Firefox ina injini yake, na Safari yake. Simu ya bei nafuu yenye kioo kidogo isikosekane.

Chombo cha ukaguzi kisitegemewe peke yake. Ni kama bildi: humwonyesha nahodha kina cha maji, wala hakimwambii kama abiria wamepata pa kukaa. CSS isiyo na kosa la sarufi huweza kuficha tarehe nje ya kioo, na agizo jipya lililo sahihi huweza kukataliwa na chombo ambacho bado hakijalitambua. Macho ya mtu yanahitajika.

Wananchi nao wana sehemu yao. Anayeuona ukurasa ulioharibika anaombwa apige picha ya kioo, ataje aina ya simu na jina la kivinjari, na aifikishe taarifa hiyo ofisini. Taarifa ya namna hiyo humfupishia fundi kazi.

Tangazo halijatoka mpaka aliyekusudiwa ameweza kulisoma katika chombo alicho nacho. Wenye dhamana ya kurasa za Serikali wanaombwa walipime kila tangazo kwa kipimo hicho kabla ya kulitoa.