Sangari Haiishi kwa Siku Moja

Ifuatayo ni mada iliyotolewa na mratibu wetu wa kilimo katika semina ya kamati za sharika, mjini Tukuyu.

 

Nimeombwa nizungumze juu ya kusafisha mashamba yaliyovamiwa na magugu sugu. Baadhi yenu mtasema jambo hilo halihitaji semina, kwa kuwa hapa Rungwe kila mtoto amezaliwa akakuta jembe mlangoni. Ni kweli. Lakini sikuja kuwafundisha kushika jembe. Nimekuja kuungama kosa tulilolifanya kwa jembe hilo hilo, na kuwaomba tusilirudie.

Shamba la mama mmoja

Kwenye njia ya kwenda Masoko yuko mama aliyemuuguza mumewe kwa misimu miwili hadi alipofariki. Muda wote huo bustani yake ya nyuma ya nyumba, kama robo eka hivi, haikupata jembe. Mnaijua mvua yetu. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na udongo wetu wa volkano hauchagui cha kuotesha. Mama aliporudi shambani alikuta sangari imefunika kila mahali hadi kwenye mashina ya migomba.

Kamati yetu ikapanga siku moja ya kumsaidia. Tulifika watu 40 na majembe, tukaimba, tukalima, na jioni ardhi ilikuwa nyeusi tupu. Picha zikapigwa. Katika taarifa ya robo mwaka nikaandika kwa mkono wangu: "Shamba limesafishwa." Ilikuwa Desemba, mvua zimeshika. Baada ya wiki tatu nilipita pale. Shamba lilikuwa la kijani, na sangari ilikuwa nene kuliko mwanzo. Mama hakulalamika. Aliniambia tu, "Mwanangu, mmenipandia vizuri."

Neno lile sikulisahau, kwa sababu lilikuwa kweli tupu.

Kwa nini inarudi

Sangari haitegemei mbegu peke yake. Chini ya udongo ina mashina meupe membamba yanayotambaa na kusukana kama mkeka. Kila pingili ya shina hilo ina jicho, na kila jicho linaweza kuwa mmea mpya. Ukilikata shina moja vipande kumi kwa jembe, kisha mvua ikanyesha, umepata miche kumi. Ndivyo tulivyofanya watu 40 kwa siku nzima.

Wazee wetu wa Kinyakyusa walikuwa na ufundi wa kulima matuta na kufukia majani ndani yake ili yaoze yawe mbolea. Ni ufundi mzuri, tusiuache. Lakini ukifukia sangari mbichi ndani ya tuta, hujaizika, umeitandikia kitanda.

Ndago nayo ina tabia ya jamaa hiyo. Vijiazi vyake vimeungana chini kwa chini kama shanga, na vingine vimelala. Jembe likikata uzi, vilivyolala vinaamka.

Wapo wanaoniambia kwamba Bwana Yesu mwenyewe alifundisha kuacha magugu yakue pamoja na ngano hadi mavuno. Ndugu zangu, mfano ule ulihusu kuwahukumu watu, nao ulikuwa na magugu yaliyopandwa kwa mbegu. Tusiufanye kisingizio cha kuacha shamba la mjane.

Tulivyofanya mara ya pili

Mwaka uliofuata tulimwomba mama ruhusa ya kujaribu tena. Safari hii tulibadili mambo matano.

Kwanza, majira. Tulianza Agosti, kiangazi, ili jua litusaidie. Shina la sangari lililotolewa nje na kuachwa juani likakauka kabisa halioti tena.

Pili, kifaa. Badala ya jembe la kawaida linalokata, tulitumia uma wenye meno manne. Unauchomeka, unainua udongo, unautikisa, kisha unavuta shina zima kwa mkono. Kazi ni ya polepole, lakini unachokitoa kimetoka.

Tatu, mahali pa kutupa. Majani ya juu tulimpa ng'ombe, maana sangari ni malisho mazuri. Mashina ya chini tuliyaanika juu ya mawe hadi yalipovunjika kama vijiti. Hatukuyatupa kwenye lundo la samadi wala mtoni, kwa kuwa yangerudi shambani au yangemfuata jirani aliye chini yetu.

Nne, mteremko. Sangari ina wema wake: inashika udongo. Ukilifanya shamba lote la mlimani kuwa tupu, mvua za Machi na Aprili zitalipeleka bondeni. Kwa hiyo tulisafisha kwa vipande, tukaacha mistari ya kukinga maji, na pembeni tukapanda majani ya gwatemala, ambayo sasa mama huyakata kumlisha ng'ombe wake.

Tano, kivuli. Sangari na ndago hudhoofika zikikosa jua. Mara mvua za Novemba zilipoanza, tulijaza ardhi kwa maharage, viazi vitamu na maboga, na chini ya migomba tukapanda magimbi. Ardhi ikiachwa wazi, sangari itaipata kabla yako.

Siku za kazi ni zile zile

Hapa naomba wajumbe wa kamati mnisikilize kwa makini, na wafadhili pia.

Watu 40 kwa siku moja ni siku 40 za kazi. Mara ya pili hatukutumia hata siku moja zaidi. Watu wanne walichimba kwa siku nne. Hizo ni 16. Kisha watu wawili walirudi kila baada ya wiki mbili kwa miezi sita, yaani mara 12. Hizo ni 24. Jumla ni 40. Tulichobadili ni namna ya kuzigawa.

Kurudi huko ndiko kulikoishinda sangari. Kila jani jipya linapotoka hula akiba iliyo chini kabla halijaanza kuirudishia. Ukiling'oa na kipande chake likiwa bado na urefu wa kidole, akiba inapungua. Ukisubiri miezi miwili, limekwisha kulipa deni lake na kuweka akiba nyingine.

Sitawadanganya kwamba sangari imekwisha pale. Upande wa mpakani bado inajipenyeza kutoka shamba la pili, na mama huichungulia kila wiki. Lakini alivuna maharage na magimbi mahali ambapo hapakuwa na kitu, na sasa kazi iliyobaki inamtosha yeye mwenyewe.

Na dawa je?

Swali hili huulizwa kila mara. Zipo dawa za kuua magugu zinazonyonywa na majani mabichi na kushuka hadi mashina ya chini, na wakulima wengine wamesaidika. Lakini dawa ikigusa jani la mgomba au la harage haiulizi ni la nani. Anayeamua kuitumia anunue iliyosajiliwa na TPHPA, asome kibandiko, avae kinga, asipulize siku ya upepo wala karibu na kijito, na amwone kwanza bwana shamba. Kwa bustani ya robo eka yenye mchanganyiko wa mazao, mimi bado nashauri uma na subira.

Ombi langu

Ndugu wajumbe, familia nyingi zilizoachwa na ugonjwa au msiba zina shamba la namna hii. Mama mwenye watoto wadogo akilima mara tatu na kushindwa mara tatu, hulikodisha kwa bei ya kutupa, kisha hununua chakula kilichooteshwa kwenye ardhi yake mwenyewe. Hilo ndilo tunalopigania.

Kwa hiyo kamati isiandike "shamba limesafishwa" kabla msimu mzima haujapita. Panga zamu ya wanaorudi kabla ya kupanga siku ya kuanza. Na ninyi marafiki wafadhili, tunawashukuru kwa majembe na kwa chakula cha siku ya kazi. Tunawaomba mtuulize pia, mwezi wa tatu na wa sita, nani alirudi. Siku hizo hazina nyimbo wala picha nzuri. Ni watu wawili wameinama, na kiroba cha mashina makavu. Lakini shamba huokolewa siku hizo.