Kazi Isiyoonekana: Klachi na Jina la Fundi

(Hotuba kwa wanafunzi wa ufundi wa magari katika vyuo vya kaunti na mafundi wa jua kali)



Mteja anayebadilishiwa injini huona mambo mawili tu: injini ikiwaka na gari likiondoka. Klachi haioni. Imefichwa kati ya injini na giaboksi, na ikifungwa vibaya, giaboksi lazima ishushwe upya. Hapo mteja hulipa mara mbili, na fundi hupoteza jina.

Mfano mzuri ni Mazda MX-5, gari dogo la michezo lililoanza kuuzwa mwaka 1989 likiwa na injini ya lita 1.6. Baadaye Mazda ilitoa injini ya lita 1.8, na wenye magari ya awali katika nchi nyingi wakaanza kung'oa ile ndogo na kuweka kubwa. Giaboksi ya zamani huipokea injini hiyo. Suala liko katikati: klachi pleti ya injini ya 1.6 ina upana wa milimita 200, na ya 1.8 ina milimita 215. Fundi anayerudisha klachi ndogo ili kupunguza gharama huibebesha nguvu kuliko ilivyotengenezewa. Fundi makini hufunga flaiwili, klachi pleti na presha pleti za injini ya 1.8 kama seti moja. Magari hayo si mengi nchini Kenya, lakini kanuni hiyo inahusu hata pikapu na matatu: kabla ya kununua, pima na ulinganishe.

Kazi yenyewe huanza na usafi. Fundi hukagua flaiwili kama ina nyufa au madoa ya buluu ya kuungua, na ikihitajika huipeleka kuchongwa kwa mashine. Sili ya nyuma ya kranki hubadilishwa wakati huo huo, kwa sababu oili ikifika kwenye klachi pleti, klachi itateleza. Beringi ndogo iliyo katikati ya kranki nayo hukaguliwa. Mafuta ya kuzuia kutu kwenye vipuri vipya hufutwa kabisa, na klachi pleti haishikwi kwa mikono yenye grisi.

Kisha klachi pleti huwekwa. Kwa kawaida upande uliotokeza wenye springi hutazama giaboksi. Ukigeuzwa, klachi haitaachia. Shafti ya plastiki ya kupangia, ambayo mara nyingi huuzwa pamoja na seti, huishikilia katikati. Bolti za presha pleti hukazwa kidogo kidogo kwa kupishana, moja huku na nyingine ng'ambo yake, kisha humaliziwa kwa toki renchi kwa kipimo cha kitabu cha gari. Anayekaza moja hadi mwisho kabla ya nyingine hupinda presha pleti.

Meno ya shafti ya giaboksi hupakwa grisi kiasi kidogo tu. Giaboksi hupandishwa kwa jeki, wala haiachwi ining'inie kwa shafti yake. Ikikataa kuingia, haivutwi kwa nguvu ya bolti. Klachi pleti haijakaa katikati, na dawa ni kurudi kuipanga. Mwisho, hewa hutolewa kwenye mfumo wa mafuta ya klachi, na pedali hujaribiwa kabla ya gari kushuka chini.

Usalama ni sharti. Jeki peke yake haitoshi. Gari huwekwa juu ya stendi imara kabla ya mtu yeyote kuingia chini. Vumbi la klachi kuukuu halipulizwi kwa upepo, maana klachi za zamani huweza kuwa na asibesto, ambayo husababisha saratani ya mapafu. Hufutwa kwa kitambaa kilicholowa maji.

Kwa wenye magari: nambari ya injini imo kwenye logibuku. Injini ikibadilishwa, mmiliki anapaswa kuijulisha NTSA ili rekodi zirekebishwe, na kampuni ya bima pia ielezwe. Risiti ya injini itunzwe. Kilomita mia chache za kwanza, gari liendeshwe kwa upole ili klachi mpya izoee.

Kwa vijana: Katiba ya mwaka 2010 ilizipa kaunti jukumu la vyuo vya ufundi vya vijijini. Aliyejifunza kazi gereji bila cheti anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza. Cheti humfungulia fundi mlango. Lakini kinachomrudisha mteja ni ile kazi iliyofanywa sawasawa mahali ambapo mteja hawezi kuchungulia.