Waliokatazwa Kuja, Wakashangiliwa Uwanjani



Juma hili sitazungumza habari za bei ya unga wala ahadi za wanasiasa. Mambo hayo yapo, na juma lijalo tutayakuta pale pale. Nataka tuzungumze juu ya besiboli. Najua wako kati yenu ambao mkono umekwisha fika kwenye kitufe cha kuzimia redio. Subirini kidogo, kwani habari yenyewe si ya mchezo peke yake.

Kwetu besiboli ni mchezo wa watu wachache. Zipo shule za Dar es Salaam ambazo vijana wake wanaucheza, baada ya Wajapani kuja kuufundisha katika mwongo wa 2010. Lakini ukimwuliza mtu wa kawaida atakuambia ni ule mchezo wa kwenye sinema za Kimarekani, mmoja anarusha kijimpira kigumu na mwenzake anakingoja na gongo. Kwa leo yatosha. Ongezeni tu kwamba kila timu huwa na watu tisa uwanjani, na kwamba mpigaji akiupiga mpira vizuri hukimbia akizunguka vituo mpaka arudi pale alipoanzia. Kituo hicho cha kurudia wenyewe wanakiita nyumbani. Asiyefika nyumbani hahesabiwi kitu, hata kama alikimbia namna gani.

Miaka miwili iliyopita nilikuwa likizo Edmonton, mji mkuu wa jimbo la Alberta huko Kanada, kwa dada yangu. Siku hizi Kiswahili si kitu cha ajabu Edmonton. Wako Wakongo, wako Warundi, na sisi wengine tumejipenyeza. Mpwa wangu ana miaka kumi na mitatu, amezaliwa huko huko, na anacheza besiboli katika timu ya watoto ya mtaa wao. Jumamosi moja tukaenda kumtazama. Mama mmoja aliyekaa karibu yangu, mtu mpole kabisa, akaniuliza kijana yule ametoka nchi gani. Nikamwambia amezaliwa hapa hapa Edmonton. Akatabasamu, akauliza tena, kwamba yeye alitaka kujua anatoka wapi *hasa*. Kabla sijajibu, kijana akaupiga mpira ukapaa, na yule mama akasimama akapiga makofi kuliko mimi mjomba wake.

Sikumkasirikia. Lakini nilirudi nyumbani nikiwa na lile neno "hasa" kichwani, na jioni nikamweleza shemeji yangu. Akasema, "Kama ni hivyo, Jumapili nitawapeleka Amber Valley." Nikamwuliza ndiko wapi. Akasema nitafute kwanza kwenye vitabu, ndipo safari itakuwa na maana. Nikatafuta.

Ili mwelewe habari ya Amber Valley ni lazima kwanza mzione mbuga za Kanada. Ni majimbo matatu, Manitoba, Saskatchewan na Alberta, ardhi tambarare ya ngano inayokwenda mpaka macho yachoke. Wazee wa Hanang wataikumbuka namna ya kilimo chake, maana ndiyo iliyoletwa Basotu na wataalamu wa Kikanada kuanzia miaka ya 1970, pamoja na matrekta yake makubwa na ugomvi wake na wafugaji wa Kibarabaig. Huko kwao serikali ilimpa mhamiaji ekari 160 kwa ada ya dola 10, kwa sharti kwamba alime, ajenge na akae hapo miaka mitatu. Reli ikapita, na kila baada ya kilomita kadhaa pakawa na kituo, ghala refu la mbao la kupakilia ngano, duka, kanisa na shule. Katika miaka ya 1930 maghala hayo yalizidi 5,000 katika mbuga nzima. Karibu kila penye ghala palikuwa na timu ya besiboli.

Sababu haikuwa ngumu. Baridi ya huko hufika nyuzi 40 chini ya sifuri, na miezi ya kutoka nje ni michache. Ngano hupandwa Mei na kuvunwa mwishoni mwa kiangazi. Katikati hapo, Juni na Julai, mkulima ana nafasi kidogo na jua halitaki kuzama. Kaskazini mwa Alberta hukawia mpaka baada ya saa nne za usiku. Mtu angeweza kufanya kazi ya shamba mchana kutwa, akala, kisha akacheza mechi nzima bila taa. Mchezo wenyewe hautaki vifaa vingi: gongo, mpira, glavu chache za kuazimana, na malisho yaliyokwisha liwa na ng'ombe.

Kila mji ulikuwa na siku yake ya michezo, na siku kubwa kuliko zote ilikuwa tarehe 1 Julai, sikukuu ya taifa. Timu zilikuja kwa magari ya farasi, baadaye kwa malori, zikaanza kutoana asubuhi mpaka jioni abaki mshindi na kitita cha fedha. Kwa ufupi, ilikuwa ndondo. Na kama mnavyojua, penye ndondo hapakosi mamluki. Mji uliotaka jina ulikodi mrushaji kutoka mji wa mbali, akaja siku ile kama binamu ya mwenye duka. Wengine hawakuhitaji kukodi. Kijiji cha Delisle, Saskatchewan, kilikuwa na ndugu wa ukoo wa Bentley, ambao wawili wao, Doug na Max, walikuwa nyota wa mpira wa magongo wa barafuni huko Chicago. Theluji ikiyeyuka walirudi kwao wakacheza besiboli na majirani.

Lakini hakuna aliyekodi kama mji wa Indian Head. Huu ni mji mdogo wa Saskatchewan, mashariki ya Regina, ambao wakazi wake wakati huo hawakufika elfu mbili. Mwaka 1947 walianzisha mashindano ambayo watu walifunga safari kutoka jimbo zima kuyaona. Mwaka 1950 meya wao, Jimmy Robison, mtu aliyeupenda mchezo huu kupita kiasi, hakukodi mrushaji mmoja. Alileta timu nzima ya Weusi kutoka Florida, Jacksonville Eagles, ikavalishwa jina la Indian Head Rockets.

Kumbukeni ulikuwa mwaka gani. Jackie Robinson, baada ya kucheza Montreal mwaka 1946, alikuwa amevunja ukuta wa ubaguzi katika ligi kuu ya Marekani mwaka 1947, lakini katika mwaka huo wa 1950 timu nyingi kati ya 16 za ligi kuu zilikuwa bado hazijamchukua Mweusi hata mmoja. Kwa hiyo walikuwako wachezaji wa daraja la juu waliofungiwa mlango, na wakulima wa ngano wakapata bahati ya kuwaona kwa bei ya kiingilio. Maelfu walijaa Indian Head. Kwa mchezo mzuri, kelele na burudani, sidhani kama mbuga ziliwahi kupata kitu bora zaidi. Hata hivyo mimi naona kasoro, na kasoro yenyewe si ya wachezaji. Mji uliwapenda kuanzia masika mpaka vuli. Ligi ikiisha, kila mtu alikwenda zake. Ni rahisi kumshangilia mtu ambaye tiketi yake ya kurudi imekwisha katwa.

Sasa twende kaskazini, na turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1907 Oklahoma ilifanywa jimbo la Marekani, na moja ya sheria zake za mwanzo kabisa ilikuwa kutenganisha Weusi na Wazungu katika treni. Mwaka 1910 ikatungwa hila ya kuwanyima Weusi kura. Wakulima Weusi wengi wa huko walikuwa wamesoma matangazo ya Kanada ya ekari 160. Wakauza walichonacho, wakapanda treni. Zaidi ya elfu moja wakaingia Alberta na Saskatchewan katika miaka hiyo michache.

Hapo ndipo yale matangazo yalipogeuka. Huko Edmonton, mji uliokuwa na watu kiasi cha 25,000, chama cha wafanyabiashara kilipitisha karatasi ya kupinga Weusi wasiletwe, na watu zaidi ya 3,000 wakatia sahihi. Serikali ilituma mawakala Oklahoma kuwakatisha watu tamaa. Na tarehe 12 Agosti 1911 baraza la mawaziri la Waziri Mkuu Wilfrid Laurier likapitisha amri ya kuwazuia Weusi kuhamia Kanada kwa mwaka mzima, kwa hoja kwamba hali ya hewa ya Kanada haiwafai. Nasema hali ya hewa! Amri hiyo haikutumika, ikafutwa mwezi Oktoba mwaka huo huo, lakini ujumbe ulikuwa umefika, na wahamiaji wapya wakapungua wakaisha.

Waliokwisha ingia hawakuondoka. Kundi moja lilijikita kiasi cha kilomita 160 kaskazini ya Edmonton, mashariki ya mji wa Athabasca, mahali palipoitwa Pine Creek na baadaye Amber Valley. Si mbuga ya wazi pale. Ni pembezoni ambako ngano inakutana na msitu, miti na vinamasi na mbu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: hawa walipewa shoka kwanza, maana bila kukata miti jembe lingelimia wapi? Miongoni mwao alikuwamo Jefferson Davis Edwards, aliyefika mwaka 1910. Angalieni jina hilo. Ni jina la yule rais wa majimbo ya kusini yaliyopigana vita ili utumwa uendelee, na mchukuaji wake alikuwa Mweusi anayefyeka msitu wa Alberta ili awe na chake. Mwaka 1913 walikuwa wamekwisha fungua shule yao.

Na kuanzia miaka ya 1920 wakawa na timu. Edwards alikuwa mstari wa mbele katika mambo yake, na jina la ukoo wake halikukosekana uwanjani. Hakuna aliyelipwa mshahara. Mrushaji ndiye aliyekuwa anakata kuni Jumatatu, na mdakaji ndiye fundi wa kujenga boma la jirani. Katika miaka ya 1930 na 1940 timu ya Amber Valley ilijulikana kaskazini yote ya Alberta. Walikwenda kwa Waukraine, kwa Wakanada wa Kifaransa, kwa Waingereza, wakacheza, wakashinda sana, na miji ikawaalika tena mwaka uliofuata, kwa sababu walipokuja watu walijaa. Siku ya pikiniki yao wenyewe ya kila mwaka, majirani wa kila rangi walikwenda Amber Valley.

Hapa ndipo nilipofikiri sana. Miaka isiyotimia thelathini baada ya zile sahihi zaidi ya elfu tatu, lazima wako waliotia sahihi, au watoto wao, waliokaa kando ya uwanja fulani wakapiga makofi. Je, makofi yale yalifuta sahihi? Mimi nadhani hapana. Kijana wa Amber Valley aliyeshangiliwa Jumamosi, akienda Edmonton Jumatatu kutafuta kazi, mara nyingi aliambulia kubeba mizigo ya abiria kwenye treni. Lakini sitaki pia kuyadharau makofi. Tofauti yao na ile timu ya Indian Head ni kwamba hawa, mchezo ukiisha, walirudi kwao kilomita chache tu, na kesho yake ungekutana nao dukani. Ilibidi uwazoee. Mwenye ekari 160 jirani na zako humwulizi anatoka wapi hasa. Unamwuliza kama ng'ombe wako amepita kwake.

Jumapili ile tulikwenda, shemeji anaendesha, dada amefunga chapati na kuku. Baada ya Vita Kuu ya Pili vijana walihamia mjini kufuata kazi, kama walivyofanya vijana wa mbuga nzima, na maghala mengi ya ngano nayo yamebomolewa. Shule ya Amber Valley ilifungwa. Posta yake nayo ilifungwa, ingawa mwaka 2021 Posta ya Kanada ilitoa stempu ya kukikumbuka kijiji hicho. Kwa maneno mengine, kijiji kina stempu lakini hakina mahali pa kuibandikia barua. Tulikuta mashamba ya nyasi, nyumba chache zilizo mbalimbali, na ukimya ambao mtu wa Kariakoo hawezi kuustahimili kwa muda mrefu.

Mpwa wangu alishuka na glavu yake. Akauliza, "Mjomba, walikuwa wanachezea wapi hasa?" Neno lile lile, ila safari hii halikuniuma. Sikujua jibu. Shemeji akaonyesha kidole kipande kimoja cha nyasi fupi kando ya njia, akasema huenda pale, huenda si pale. Kijana hakujali. Akapima hatua, akamweka baba yake upande mmoja, mimi akaniweka upande wa pili bila glavu, akaanza kurusha. Viganja vyangu viliwaka moto siku mbili. Mbu walituuma kama waliotumwa. Dada akatuita tuje tule, kuku anapoa, na njia ya kurudi ni ndefu.

Kijana akasema turushe mpaka jua lizame, ndipo tuondoke. Nikatazama saa yangu. Ilikuwa saa tatu za usiku, na jua lilikuwa juu ya miti.