Kuthibitisha 2,147,483,647 Darasani: Mada kwa Walimu wa Hisabati wa Kericho na Bomet



Chukueni 2 kwa kipeo cha 31, mtoe 1. Mtapata 2,147,483,647, nambari tasa ya tarakimu 10 inayoenea kwenye kikokotoo cha mwanafunzi yeyote wa sekondari. Nashikilia kwamba darasa la wanafunzi 40 linaweza kuuthibitisha utasa huo lenyewe, bila kuiuliza kompyuta.

Watoto wetu wanaijua nafasi ya chai: futi 4 kati ya mistari, futi 2.5 kati ya miche, miche 4,356 kwa ekari. Miche 2,147,483,647 ingetaka ekari 493,000 hivi, sehemu kubwa ya Kaunti ya Kericho. Wala haipangiki katika mistari iliyo sawa, labda mmoja tu, utakaoizunguka dunia zaidi ya mara 40.

Njia ya kawaida ya kuuthibitisha utasa wa nambari hii ni kuigawa kwa kila nambari tasa hadi 46,340, takriban kipeuo chake cha pili. Hizo ni zaidi ya 4,700. Mwaka 1772 Leonhard Euler, akiwa karibu kipofu, aliipunguza kazi hiyo kwa hoja inayofundishika kabisa. Tuseme nambari tasa p inaigawanya. Basi 2 kwa kipeo cha 31 ikigawanywa kwa p huacha baki 1. Kwa kuwa 31 ni tasa, mzunguko wa mabaki una hatua 31 kamili, na kwa kanuni ya Fermat p − 1 hugawanyika kwa 31. Tena p − 1 ni shufwa, kwa hiyo hugawanyika kwa 62. Isitoshe, 2 kwa kipeo cha 32 huacha baki 2, na huo ni mraba wa 2 kwa kipeo cha 16. Jambo hilo huwezekana tu ikiwa p ikigawanywa kwa 8 huacha 1 au 7.

Unganisheni masharti hayo: p ni 248n + 1 au 248n + 63. Wanabaki watuhumiwa 372. Futeni wanaoishia na 5 na wanaogawanyika kwa 3, mtabaki na kama 200. Mmoja wao ni 311: mara 6,905,092 inatoa 2,147,483,612, baki 35. Huyo ameondoka.

Lakini msianzie hapo. Anzeni na 2 kwa kipeo cha 11, mtoe 1, yaani 2,047. Wengi watasema ni tasa kwa sababu 11 ni tasa. Waacheni wagundue 23 × 89, kisha waone kwamba zote mbili huacha 1 zikigawanywa kwa 22.

Nambari tasa kubwa kuliko zote zilizotangazwa mwaka 2024, iliyogunduliwa na Luke Durant, ina tarakimu 41,024,320 na haikuthibitishwa kwa kugawa. Kwa hii yetu kugawa kunatosha. Kila mtuhumiwa apewe wanafunzi wawili wasioketi pamoja, kumi kumi kwa kila mmoja, kwa kuwa baki moja likikosewa uthibitisho wote umeanguka.