Uliza Kabla ya Kutia Sahihi
Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi na wakaaji wa mji wa Likasi

Ndugu wafanyakazi wa Shituru, wa Panda na wa Kikula. Mama zetu wa sokoni. Vijana mnaongojea kazi mlangoni pa kampani.

Tumeombwa kusema juu ya mashauri ya kazi yanayotolewa bila malipo, na juu ya mafundisho ya sheria ya kazi. Najua wako watakaosema, "Hayo ni mambo ya waavoka." Sivyo, ndugu. Sheria ya kazi ni mambo ya yule anayeshika koleo, anayeendesha lori, anayelinda ghala usiku. Avoka huisoma kitabuni, lakini mfanyakazi ndiye anayelala njaa ikivunjwa.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Mji huu ulipoitwa Jadotville, baba zetu walifanya kazi chini ya dekreti ya 1922, na mtu aliyevunja mkataba aliweza kutiwa gerezani. Karatasi ilikuwa ya Mzungu, kidole kilikuwa cha Mwafrika. Sendika ya watu weusi haikuruhusiwa mpaka 1946. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waliacha kazi wakitaka mshahara uongezwe, huku kwetu na kule Élisabethville. Tarehe 9 ya mwezi ule askari walipiga risasi uwanjani Élisabethville, na Léonard Mpoyi, aliyewasemea wenzake, akauawa pamoja na wengine wengi. Watu wale hawakukosa akili wala moyo. Walikosa mlango wa kubisha.

Leo mlango upo. Tunayo Sheria ya Kazi namba 015-2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Tena nchi yetu ilikubali mwaka 1968 mapatano namba 81 ya Shirika la Kazi Ulimwenguni, yanayosema kwamba enspekta wa kazi ana wajibu wa kuwapa habari na mashauri wafanyakazi na mapatroni pia. Sikieni vizuri: ni wajibu. Shauri la enspekta si zawadi, ni deni la serikali kwa raia. Mtu akitaka kukuuzia shauri hilo kama anavyouza unga, mwombe risiti, halafu utazame uso wake.

Sasa, kuna faida gani katika kuuliza? Tutaje mambo machache, mwende nayo nyumbani.

La kwanza ni la vibarua wa siku kwa siku. Wako ndugu zetu wanaoitwa asubuhi na kulipwa jioni, mwaka mzima, na kila siku huambiwa, "Wewe si mtu wa kampani." Sheria yasema hivi: kibarua akiisha kufanya siku 22 za kazi katika muda wa miezi miwili, naye akachukuliwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha, mkataba wake mpya wahesabiwa kuwa ni wa muda usio na mwisho. Basi andika siku zako. Daftari ya shule na kalamu ya risasi zinatosha.

La pili ni mkataba wa muda. Haupiti miaka miwili, na kwa kawaida haurudishwi zaidi ya mara moja, isipokuwa kwa kazi za msimu na nyingine zilizotajwa na sheria. Na pasipo mkataba ulioandikwa, kazi yahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho mpaka ihakikishwe vingine. Wengi wetu tulidhani kwamba asiye na karatasi hana haki. Kumbe sheria imemwona!

La tatu ni kufukuzwa. Patroni hamwondoi mtu wa mkataba usio na mwisho bila sababu ya kweli. Asipokuwa na kosa zito, lazima apewe notisi: siku 14 za kazi, na juu yake siku 7 za kazi kwa kila mwaka mzima alioutumikia. Hesabuni pamoja nasi. Mtu wa miaka minne: 7 mara 4 ni 28, ongeza 14, jumla ni siku 42 za kazi. Mtu huyo akipewa mshahara wa wiki mbili na kuambiwa, "Tia sahihi hapa, mambo yamekwisha," ajue kwamba mambo hayajakwisha.

La nne ni karatasi ya mshahara. Tazama kila mwezi fedha zinazokatwa kwa ajili ya CNSS, ile iliyoitwa zamani INSS. Kwa uzee, mfanyakazi anakatwa 5 kwa 100, na patroni anaweka 5 nyingine. Kukatwa si kufikishwa. Uliza CNSS kama jina lako limo na kama fedha zimeingia. Ukingoja mpaka nywele ziwe nyeupe, utauliza kampani iliyokwisha kuvunjwa.

Katika mafundisho tuliyoyafuata na wenzetu tulimwona mlinzi mmoja wa usiku. Alileta mikataba yake katika mfuko wa plastiki: mitano, kila mmoja wa miezi mitatu, yote ya kampani ile ile, kazi ile ile, lango lile lile. Alikuja kuuliza kama anaweza kuomba konje. Mwalimu alipozipanga zile karatasi mezani, watu wakanyamaza. Mlinzi huyu alikuwa amefanya kazi miezi kumi na mitano akiogopa kila mwezi wa tatu, hali sheria ilikuwa upande wake tangu zamani. Alikwenda kwa enspekta na mfuko wake. Patroni akaitwa. Wakapatana, akabaki kazini, na siku zake za konje zikahesabiwa.

Lakini siku ile ile alikuja mwingine, mpakiaji wa lori. Alidai mishahara ya miezi miwili, naye alikuwa amengoja miezi kumi na minne, kwa maana aliambiwa kila mara, "Wiki ijayo." Mwalimu aliinamisha kichwa. Sheria yatoa miaka mitatu kwa madai mengi ya mkataba, lakini kwa mshahara usiolipwa yatoa mwaka mmoja tu tangu siku ulipopasa kulipwa. Baba huyu hakunyimwa haki na hakimu. Alinyimwa na "wiki ijayo". Ndugu, patroni mwenye deni anapokuambia maneno matamu, tazama kalenda.

Njia yenyewe ni hii. Ugomvi wa mtu mmoja na patroni wake haupokelewi na tribinali ya kazi kabla ya kupita kwa enspekta. Yeye huwaita wote wawili, husikiliza, na huandika karatasi: ama wamepatana, ama hawakupatana. Wasipopatana, karatasi hiyo ndiyo ufunguo wa tribinali. Mfanyakazi asiye na fedha za avoka asikate tamaa: sheria ya waavoka ya 1979 inaagiza kila baraza lao liwe na biro ya kutoa mashauri bila malipo kwa watu wasio na uwezo. Tena mdelege wa sendika kazini kwako ulimchagua wewe. Umwulize. Kama hajui, apelekwe kwenye mafundisho. Asipotaka kwenda, kura ijayo iko mkononi mwako.

Majirani zetu wa Kolwezi wametangulia. Huko CAJJ, kituo cha msaada wa sheria, kiliungana na shirika la RAID la Uingereza kuwasikiliza wafanyakazi wa migodi ya kobalti. Mnamo Novemba 2021 walitoa habari zao: katika migodi mitano mikubwa waliyoichungua, wafanyakazi 57 kwa 100 waliandikwa na kampani ndogo za kati, si na mgodi wenyewe. Hapo ndipo mshahara unapopungua na daktari anapokosekana, na kila mmoja husema, "Mimi siye patroni wako." Habari hizo zilipatikana kwa sababu watu walikubali kuketi na kueleza. Aliye peke yake na shida yake huitwa mkorofi. Wakiwa mia, wameandikwa, hiyo ni habari ya dunia.

Wazee wa mji huu wanayakumbuka mambo ya 2003. Gécamines, kwa fedha za Benki ya Dunia, iliwaachisha watu 10,655 kwa njia iliyoitwa kuondoka kwa hiari. Wengi wao walisema baadaye kwamba walichopewa hakikufikia haki yao, na malalamiko yakaendelea miaka mingi. Watoto waliacha shule, nyumba ziliuzwa. Hatukusimama hapa kufanya hesabu ile upya. Twasema tu kwamba saa ya kuhesabu ni kabla ya sahihi. Baada ya sahihi mtu hahesabu tena, anasihi.

Na sisi makarani tuna neno letu. Sisi ndio tunaoandika mikataba, tunaopiga muhuri, tunaomwonyesha mwenzetu pahali pa kutia sahihi. Karani anayemwambia asiyejua kusoma, "Weka kidole tu, usichelewe," anatumika mahali pa nyapara wa 1922. Tumsomee mwenzetu karatasi yake kwa Kiswahili, neno kwa neno. Tumpe kopi yake. Akisema anataka kuuliza kwanza, tumwache aende akaulize. Hakuna sheria inayomkataza.

Hatudai kwamba enspekta atashinda kila patroni, wala kwamba tribinali huamua upesi. Twajua njia ni ndefu na nauli ni ghali kwa mtu wa posho ndogo. Lakini asiyeuliza amekwisha kushindwa kabla ya kuanza, na mwenzake wa zamu hujifunza kwake kunyamaza.

Basi tufanye hivi. Kila kartié iwe na watu wawili waliofuata mafundisho, wajulikane, nyumba yao iwe wazi jioni. Kila mfanyakazi aweke mikataba na karatasi zake za mshahara pahali pamoja, na mke wake apajue. Na kila mtu anayewekewa kalamu mbele yake aseme maneno haya bila hasira na bila woga: "Nipe kopi, nitajibu kesho."

Uhuru wa 1960 ulitupa bendera. Haki ya kazini hudaiwa kwa karatasi, na kwa siku zilizohesabiwa.

Umoja, ndugu zetu. Na kazi yenye haki.