AMRI YA BIASHARA ZA WAGENI NA MANENO YA WATU WETU
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Nachingwea na Ruangwa)



Katibu aliponiandikia kunitaka niseme juu ya amri ya kuwazuia wageni wasifanye biashara fulani fulani, aliongeza neno chini ya barua yake: nisiwasomee siasa. Nitajitahidi. Lakini jambo hili hufika mezani kwetu kila juma, nalo huja kwa sura ya mtu mwenye karatasi mkononi na swali kinywani, wala karani hawezi kumwambia arudi siasa zikipoa.

Amri yenyewe ilitolewa tarehe 28 Julai 2025, na Waziri wa Viwanda na Biashara wa wakati huo, Dkt. Selemani Jafo, chini ya Sheria ya Leseni za Biashara. Yataja biashara 15. Asiye raia hana ruhusa kuuza jumla wala rejareja, ila katika maduka makubwa ya kujihudumia. Wala kutuma na kupokea fedha kwa simu, kutengeneza simu, kuongoza watalii, kuchimba madini kwa uchimbaji mdogo, kununua mazao shambani, na nyinginezo. Avunjaye amri hutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 10, au hufungwa kwa muda usiozidi miezi 6, tena viza yake na kibali chake cha kuishi nchini hufutwa. Na raia amsaidiaye hutozwa milioni 5 au hufungwa miezi 3. Naomba kipande hiki cha mwisho mkiweke akilini.

Habari hii ilipokelewa kwa namna mbili. Dar es Salaam wafanyabiashara wengi walifurahi, kwa kuwa watu wa Kariakoo walikuwa wamelalamika kwa muda mrefu kwamba wageni, hasa kutoka China, wameacha viwanda na kushuka mpaka kwenye rejareja. Kenya walikasirika. Waziri wao wa biashara, Bwana Lee Kinyanjui, alisema amri yavunja itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 2010. Na wengine huko wakataka Watanzania nao walipwe kwa kipimo kile kile. Sisi huku kusini, tulio mbali na Namanga, tulidhani ugomvi huu ni wa watu wengine.

Sivyo, mabwana. Tazameni tena orodha ile. Uchimbaji mdogo ni Namungo, na mashimo ya dhahabu yaliyotapakaa Ruangwa. Kununua mazao shambani ni korosho, ufuta na mbaazi, yaani chakula, sare za shule na bati la nyumba za watu wetu wote. Katika biashara zote 15 sijui nyingine iliyo karibu na mkulima wa Nachingwea kuliko hiyo.

Hapa nitasema wazi maoni yangu. Kumzuia mgeni asiingie shambani na mizani yake naona ni jambo jema. Lakini ni nani aliyemwumiza mkulima miaka yote hii? Tangu mwaka 2007 korosho zilianza kuuzwa kwa stakabadhi ghalani, nasi tuna vyama vyetu vya msingi na chama kikuu cha RUNALI kwa ajili ya Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Na bado kangomba ipo. Mwenye kopo la kangomba huja wakati ghala la nyumbani li tupu na mtoto anaumwa, hulipa bei ya njaa, kisha hupeleka mzigo chamani kwa jina lake kama kwamba mikorosho ni yake. Mwezi wa Novemba 2018 Serikali ilipoamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kila kilo, ikabidi mashamba yakaguliwe kwanza ili mkulima ajulikane na mchuuzi. Je, wachuuzi wale walitoka ng'ambo? Wengi wao twawajua kwa majina, na arusini twakaa nao mkeka mmoja. Ndiyo sababu nilitaka mkumbuke kile kipande cha amri kinachomhusu raia. Mgeni hawezi kununua ufuta kijijini asipopata mwenyeji wa kumwonyesha njia na kumkopesha jina.

Tena amri ya namna hii si ya kwanza kuonekana. Mwaka 1946 serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja zilitangaza miswada ya kuzuia wahamiaji, zikasema shabaha ni kuwalinda wenyeji. Wahindi waliipinga kwa nguvu. Walisema kwamba, ijapokuwa haikuwataja, wao ndio waliokusudiwa. Serikali ya India ikatuma wajumbe chini ya Raja Sir Maharaj Singh kuja kuchunguza. Sheria ikapita hata hivyo, ikaanza kutumika mwaka 1948. Na wakati ule ule, hapa Nachingwea, Wazungu walikuwa wakiingia kwa wingi kwa ajili ya mpango wa karanga ulioanza 1947, ambao ulivunjika mwaka 1951 ukiwa umekula karibu pauni milioni 36. Mwenyeji aliyesemwa kuwa analindwa hakuulizwa sana. Katika Baraza la Kutunga Sheria Waafrika wa kwanza, Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali, walikuwa wameingia mwaka 1945 tu.

Sasa nafika mahali pagumu. Mzee mmoja alinijia ofisini kuuliza juu ya mkwewe, Mmakua aliyezaliwa ng'ambo ya Ruvuma, anyoaye watu nywele chini ya mwembe. Amri yataja saluni. Je, mwembe ni saluni? Tulicheka kidogo, lakini mzee hakuwa akicheka. Kwa watu wetu Ruvuma ni mto. Kwa karatasi ni mpaka. Wamakua, Wamakonde na Wayao wamevuka kabla ya serikali zote tunazozijua, na vita vya Msumbiji vilipoanza mwaka 1964 walivuka maelfu, na FRELIMO ikaweka kambi yake kubwa hapa hapa Nachingwea. Mkenya ana itifaki ya kumtetea. Mtu wa Msumbiji, aliye ndugu yetu kwa damu, hamo katika Jumuiya ile, hana itifaki hiyo.

Nasema haya kwa kuwa mwaka 2013, katika Operesheni Kimbunga kule Kagera, Geita na Kigoma, yalisikika malalamiko mengi ya watu waliokaa nchini miaka mingi wakaondoshwa, na jamaa wakatenganishwa. Jirani mwenye kinyongo hutosha kuanzisha shauri. Akija mtu kunong'ona, "Fulani si wa hapa," mwambieni aandike na kutia sahihi. Wengi hukumbuka ghafula kwamba wana safari. Uraia hupimwa na Idara ya Uhamiaji. Karani hana mamlaka ya kuupima kwa lafudhi wala kwa chale za usoni.

Jambo moja la kazi limewapotea wengi: aliyekuwa na leseni halali siku ya amri aliruhusiwa kuitumia mpaka muda wake uishe, ila haihuishwi. Basi msikubali mtu aambiwe kwamba alipaswa kufunga duka siku ile ile, wala mgambo asimtoze "faini" njiani. Faini hutozwa na mahakama. Mzee wangu nilimpeleka kwa afisa uhamiaji na barua ya kumtambulisha, nami nangoja jibu.

Naomba chama kiandike kwa wakurugenzi wa halmashauri zote mbili, orodha ya biashara 15 na adhabu zake ibandikwe kwa Kiswahili katika kila ofisi ya kijiji na kila ghala la chama cha msingi, kabla ya msimu wa ufuta. Nakala yangu iko mezani kwa Katibu. Anayetaka kuinakili ainakili jioni hii, maana kesho asubuhi naondoka nayo kwenda Ruangwa.