Aliye Juu, Mngoje Chini
(Mazungumzo na vijana wanaojifunza kupanda miamba)

Nafurahi kuona hata akina mama na wazee wamekuja leo. Nimeombwa niseme machache juu ya kupanda miamba pamoja na marafiki: jinsi ya kupanda vizuri zaidi, na jinsi ya kutuliza moyo ukiwa juu.

Wengine wenu mmewaona watu wakifanya mazoezi kule Lukenya, au Hell's Gate karibu na Naivasha. Mchezo huu una historia hapa kwetu. Mwaka 1899 Mwingereza Halford Mackinder alifika Batian, kilele cha Mlima Kenya chenye mita 5,199. Je, alifika peke yake? Hapana. Alikuwa na waongozaji wawili wa milima, César Ollier na Joseph Brocherel, na wapagazi Waafrika wengi waliobeba mizigo. Mwaka 1929 Eric Shipton na Percy Wyn-Harris wakawa wa kwanza kufika Nelion, mita 5,188. Nao walikuwa wawili kwenye kamba moja.

Sasa, jambo la kwanza ni miguu. Anayeanza hujivuta kwa mikono, na baada ya dakika chache vidole havishiki tena. Miguu ndiyo inayotubeba kila siku, basi iache ikubebe. Tazama pa kukanyaga, weka ncha ya kiatu taratibu, kisha simama. Kiuno kiwe karibu na mwamba, na mikono inyooke kila inapowezekana ili ipumzike. Rafiki aliye chini huona usichokiona wewe: "Mguu wa kulia, juu kidogo." Lakini naye asipige kelele kila mara. Anayepanda apewe nafasi ya kufikiri.

Jambo la pili ni kukaguana. Kabla mguu haujatoka ardhini, mwangaliane: mkanda, fundo la nane, kofia ngumu, na kifaa cha kushikia kamba. Mwisho wa kamba nao upigwe fundo, usije ukapenya kwenye kifaa wakati wa kumshusha mwenzako. Hata mwalimu akaguliwe. Kukaguliwa si kudharauliwa. Kisha semeni kwa sauti: "Tayari?" "Tayari." "Napanda." "Panda."

Jambo la tatu ni hofu. Kila mtu anayo, hata yule hodari. Magoti yakianza kutetemeka, simama, pumua polepole, fikiria hatua moja tu inayofuata. Kilele kitangoja. Ukiona huwezi, sema: "Nishushe."

Na hapa, vijana wangu, ndipo urafiki unapopimwa. Walio chini wakimcheka, siku nyingine atanyamaza na kung'ang'ania mpaka ateleze. Au jioni atakwenda peke yake kwenye jabali, bila kamba, ili awaonyeshe kwamba yeye pia ni mwanamume. Jiwe halina huruma. Kicheko kimoja kinaweza kumwacha mama akilia. Kwa hiyo anayesema "nishushe" ashushwe mara moja, na apokewe vizuri. Mtu anayejua kwamba atapokewa hupanda bila wasiwasi, na kesho atajaribu tena.

Wazee wetu husema, aliye juu mngoje chini. Mara nyingi tunasema hivyo tukingoja mtu aanguke. Katika kikundi hiki maneno hayo yawe ahadi: mngoje chini, mikono yako ikiwa kwenye kamba na macho yako yakiwa kwake.



Maswali ya kujadili katika kikundi:
1. Mwenzetu akiogopa, sisi hufanya nini?
2. Je, tunakubali kukaguliwa na aliye mdogo kwetu?
3. Katika kazi nyingine za kikundi chetu, nani anashika kamba yetu?